Shajara ya muziki wa sherehe: wageni 250, pande mbili, dakika 80 za kucheza

Siku 45 kabla

Sherehe ni Jumamosi, Dar es Salaam, wageni 250 kwa kadi. Upande wa bibi harusi ni Wachaga wa Marangu, upande wa bwana harusi ni Wahaya wa Bukoba. Wote Walutheri: ibada mchana, ukumbini saa 1 usiku, na mkataba wa ukumbi unakata muziki saa 6 kamili.

Kamati inasema kuna saa tano za muziki. Hazipo. Sisi wa muziki tumechukua ratiba ya MC tukaijumlisha kwa dakika: kuingia kwa wazazi, kamati na maharusi 40, sala na utambulisho 35, keki na ndafu (mbuzi mzima wa kuokwa) 30, kugonga glasi 15, chakula 45, zawadi 40, neno la shukrani 15. Jumla 220. Kati ya dakika 300 zinabaki 80, na uwanja wa kucheza unafunguliwa saa 4:40 usiku. Kwa wastani wa dakika 2 na sekunde 40 kwa kila wimbo (hakuna anayepiga wimbo mzima ukumbini), dakika 80 ni nyimbo 30. Kazi nzima ya wiki sita zijazo ni kuchagua nyimbo 30 pamoja na zile za ratiba, basi.

Jambo la pili limetoka kwa mweka hazina, kwenye bajeti ya usafiri: Coaster ya wazee wa upande wa bwana harusi inaondoka saa 5:20. Kwa hiyo wazee wana dakika 40 tu za uwanja, tena iwapo ratiba itakwenda kama ilivyoandikwa. Nyimbo zao haziwezi kusubiri mwisho. Ukianza na vijana kwa sababu "ndio wanaochangamsha", wazee watakunywa soda, watatazama saa na kupanda gari bila kunyanyuka hata mara moja, na Jumatatu simu zitapigwa kuulizia ile harusi ya watoto.

Siku 38 kabla

Kikao na kamati. Tumeomba wawakilishi watatu tu: mmoja wa kila upande mwenye umri wa kuanzia miaka 50, na rafiki mmoja wa maharusi. Kosa linalorudiwa kila harusi ni kuuliza kwenye kundi la WhatsApp la kamati "mnataka nyimbo gani?" Kundi la watu 60 litatoa nyimbo 150, nusu yake zimetoka mwezi huo huo, na kila aliyependekeza atakuja mezani kwa DJ kudai wake.

Maswali yalikuwa matatu. Wimbo gani ukipigwa mama yako ananyanyuka bila kuombwa? Wimbo gani usipigwe kabisa, hata mtu akitoa hela? Nani hachezi, na kwa nini? La tatu ndilo linalosaidia zaidi. Majibu: baba wa bibi harusi ana goti bovu, kwa hiyo kuingia kwa wazazi kuwe kwa mwendo wa kutembea. Mashangazi wa Bukoba hucheza wakiwa kundi, mmoja peke yake hanyanyuki. Wafanyakazi wenzake bwana harusi, meza tatu, hawatacheza kabla ya bosi wao kuondoka. Hili la mwisho halina dawa ya kimuziki; limepelekwa kwa MC, amwite bosi mapema kwenye zawadi ili awe huru.

Orodha ya lazima imefungwa kwenye nyimbo 12, ya marufuku kwenye 10. Maombi mengine yataandikwa kwenye vikaratasi na kutumbukizwa kwenye kopo, si kunong'onwa sikioni mwa DJ.

Siku 31 kabla

Leo muziki wa kuingia, ndio unaopigwa vibaya kuliko wote kwa sababu watu wanachagua wimbo mzuri bila kupima ukumbi.

Kutoka mlangoni hadi jukwaani ni mita 24 kwenye zulia. Maharusi wataingia kwa mwendo wa kawaida wa Dar: hatua mbili mbele, mbili za papo hapo. Hatua ya gauni refu haizidi sentimita 30, kwa hiyo kila mapigo manne wanasogea sentimita 60. Mita 24 ni mizunguko 40, yaani mapigo 160. Kwa wimbo wa mapigo 96 kwa dakika, hiyo ni dakika 1 na sekunde 40. Zidisha mara mbili kwa ajili ya wapiga picha wanaowasimamisha na shangazi anayemfuta bibi harusi jasho: dakika 3 na sekunde 20. Wimbo uliopendekezwa una dakika 3 na sekunde 5, tena sekunde 20 za mwisho unafifia. Ungewaachia maharusi ukimya wakiwa mita tatu kabla ya jukwaa. Tumenakili kiitikio cha pili na kukirudia mara moja. Sasa una dakika 4 na unaweza kukatwa popote baada ya dakika 3.

Wimbo wa kasi sana nao una lake. Ukizidi mapigo 110, wasimamizi watafuata mdundo, watamaliza zulia ndani ya dakika moja na nusu na kusimama jukwaani wakitazamana huku maharusi wako mlangoni bado.

Matarumbeta watawaleta maharusi hadi mlangoni. Wasipige wakati spika zinapiga. Bendi inacheza kwa ufunguo wake na kasi yake, wimbo kwenye kompyuta una vyake. Vikikutana pale mlangoni ni kelele tupu. Kiongozi wa matarumbeta atapewa ishara ya mkono, atamaliza, MC ataomba vigelegele kwa sekunde tano, ndipo wimbo uingie.

Kwa mama wa bwana harusi kumebaki "Vuli Ndlela" ya Brenda Fassie, 1997. Umepigwa sana, na kuna mjumbe anauona umechakaa. Lakini hakuna unaofaa kuliko huo kwa maneno: mzazi anawaambia wasengenyaji wapishe njia, mwanawe anaoa leo. Anayeelewa maneno atacheka, asiyeelewa atacheza.

Ndafu itaingia kwa wimbo wa Kichaga aliouchagua babu mmoja, dakika 1 na sekunde 50, si zaidi. Mbuzi mzima juu ya ubao pamoja na mapambo ni mzigo, na wabebaji wanacheza huku wameubeba. Dakika ya tatu mikono inaanza kutetemeka.

Siku 24 kabla

Kusoma maneno ya nyimbo zote za lazima, mstari kwa mstari, hadi mwisho. Bongo Fleva ina desturi ya kuanza na mahaba ubeti wa kwanza na kumaliza na kuachwa ubeti wa tatu, na mchaguaji mara nyingi ameisikia sekunde 30 tu za TikTok.

Zilizotolewa au kuhamishwa:

"Malaika" ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya maharusi kufungua muziki. Ni wimbo mtamu, lakini kijana anayeimba analalamika kuwa angemuoa mpenzi wake, tatizo mali hana. Mahari imeshapokelewa, wazazi wamekaa meza ya mbele. Malalamiko ya nini tena? Umehamishiwa kwenye chakula, kwa gitaa tupu bila mwimbaji.

"Sina Makosa" wa Les Wanyika umebaki, kwenye fungu la wazee. Ni mtu anajitetea mbele ya mwenzake mwenye hasira, kila mmoja ana wake nyumbani. Kwa kufungulia muziki ungekuwa kichekesho. Saa 5 usiku, kwa watu wa miaka 60, lile gitaa linafuta maneno yote.

"Premier Gaou" wa Magic System, 1999, ni habari ya mwanamke aliyemwacha mtu akiwa hana kitu na kurudi alipopata jina. Ni Kifaransa cha mitaani Abidjan, hakuna meza itakayokasirika. Umebaki.

Taarabu: ombi moja, la shangazi wa Marangu mwenye marafiki wa Tanga. Mipasho mingi ya taarabu ya kisasa inamlenga mke mwenza, jirani au wifi, na kwenye ukumbi wenye mawifi wawili ambao hawajazungumza tangu send-off, mtu atasema umepigwa kwa makusudi. Tumeomba ubadilishwe uwe wa sifa, na umepangiwa dakika tano kwa sababu kutatokea kutunza: akina mama watapita mmoja mmoja na noti kumtunza bibi harusi, na ukikata wimbo katikati ya foleni hiyo umewadhalilisha waliobaki.

Nyimbo za Kihaya na za Kichaga amezisikiliza mzee mmoja wa kila upande. Wimbo mmoja ulioletwa kama "wa harusi" ulikuwa wa msiba.

Injili: nyingi zinachezeka vizuri, za Rose Muhando hasa, na familia hizi zinazitaka. Zimewekwa kuingia kwa wazazi na mwanzo wa zawadi. Saa 5 usiku hazimo. Wimbo wa sifa ukiingizwa katikati ya amapiano unawaudhi walokole kwa sababu bia ziko mezani, na unawaudhi wenye bia kwa sababu wanajisikia wamefumaniwa.

Siku 18 kabla

Mafungu kwa kasi. Namna ya kupima bila programu: gonga meza kwa kila pigo kwa sekunde 15, zidisha kwa nne.

Chini ya mapigo 85 kwa dakika: chakula na keki. Kuanzia 85 hadi 105: Bongo Fleva nyingi, zouk, Injili, haya ni ya kuingilia na zawadi, na ndiyo yanayofungua uwanja bila kuwatisha watu. Kuanzia 105 hadi 116: kwaito na amapiano, ambayo hukaa kati ya 110 na 115. Kuanzia 118 hadi 130: hausi ya Afrika Kusini na masebene mengi (sehemu za kasi za nyimbo za Kikongo). Halafu singeli, kuanzia 200 kwenda juu.

Tahadhari ya programu ya kupima kasi: singeli ya mapigo 220 husomwa mara nyingi kama 110 na kutumbukizwa kwenye fungu la amapiano. Mtu akiamini namba tu, katikati ya amapiano laini inalipuka singeli na watu wenye viatu virefu wanasimama wameduwaa. Tumesahihisha faili 7 kwa mkono.

Kosa hilo hilo likijulikana linageuka kuwa njia. Amapiano ya 110 na singeli ya 220 zinaingiana pigo kwa mawili: acha amapiano ibaki na ngoma tupu, ingiza singeli chini yake kwa mizunguko minane, kisha ondoa amapiano. Uwanja unapanda bila kuhisi ngazi. Kutoka 112 kwenda 124 ya "Jerusalema" wa Master KG hakuna njia kama hiyo. Tofauti ni karibu asilimia 11, na sisi hatuongezi kasi ya wimbo zaidi ya asilimia 4, maana sauti za waimbaji zinaanza kuwa za katuni. Hapo unakata: MC anasema neno moja, wimbo mpya unaanza kwenye kiitikio.

Masebene na dansi ndiyo yamekula siku nzima. Wimbo wa Kikongo wa dakika saba una rumba dakika tatu za kwanza, watu wanaimba wakiwa wamekaa, halafu gitaa linabadilika na sebene linaanza. Dansi la bendi za Sikinde na Msondo nalo lina hadithi mbele na chemko, sehemu ya kasi, nyuma. Ukianzia mwanzo umepoteza dakika tatu katika 80. Kila wimbo umewekewa alama mbili: ya kwanza mizunguko minne kabla ya sebene au chemko, ya pili mahali pa kutokea. "Loi" wa Koffi Olomide, 1997, umewekewa alama ya tatu, kwa kuwa watu wanaujua mwanzo wake na wanataka kuusikia kidogo kabla ya kurukia mbele: sekunde 25 za mwanzo, kisha sebene.

Daraja kati ya vizazi limepatikana. "Maria Salome" wa Saida Karoli, wa Kihaya, ulivuma nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakautengeneza upya kuwa "Salome". Mpango: wa Saida kwanza, mashangazi wanyanyuke kundi zima, na wakiwa bado uwanjani unaingia wa 2016, vijana wanawafuata. Wimbo mmoja, meza kumi. Hakuna jozi nyingine kwenye orodha hii yenye nguvu hiyo kwa familia hizi mbili.

Siku 11 kabla

Mafaili. Nyimbo 14 kati ya zilizoletwa na kamati zilipitia WhatsApp kama ujumbe wa sauti au zilikatwa kutoka kwenye video. Kwenye simu zinasikika sawa. Kwenye spika za inchi 18, besi inakuwa kama mtu anapiga boksi, na matoazi yanachirizika. Zote zimenunuliwa upya, MP3 ya kilobiti 320 au WAV. Dansi la zamani halina nakala bora kuliko hiyo iliyopo. Hapo tumepunguza besi kidogo na kuongeza sauti ya kati ili gitaa lisizame.

Kusawazisha sauti: wimbo wa zamani uko chini sana ukilinganisha na wa mwaka jana. Usiposawazisha kabla, DJ anapandisha kitufe kwa "Sina Makosa", anasahau kushusha, na wimbo unaofuata unawapasua wazee masikio wakiwa ndio wamefurahi.

Nakala nne: kompyuta, kompyuta ya akiba, na flashi mbili za FAT32. Flashi ya NTFS inasomeka kwenye kompyuta lakini mashine nyingi za DJ zinaikataa, na jambo hilo hugundulika saa 12 jioni.

Siku 6 kabla

Ukumbini. Mpambaji amechora meza ya wazazi wa pande zote mita mbili mbele ya spika ya kushoto. Tumebishana nusu saa. Amekubali kuisogeza mita nne, nasi tumeigeuza spika itazame katikati ya uwanja. Spika mbili za inchi 15 juu, mbili za inchi 18 za besi, kwa watu 250 zinatosha. Kinachokosekana kwenye kumbi nyingi ni mpangilio, nguvu ipo.

MC amezoea kupita mbele ya spika na maiki mkononi. Tumembandikia utepe sakafuni: asivuke. Mluzi wa maiki mara tatu unawachosha watu kuliko wimbo mbaya.

Jenereta la ukumbi linachukua sekunde 12 kushika. Kompyuta ina betri, lakini mixa haina, kwa hiyo mixa imewekwa kwenye UPS, yaani betri ya akiba. Umeme ukikatika wimbo unaendelea kwenye mixa, spika zinazima. Kabla hazijarudi, shusha sauti kuu hadi sifuri. Umeme ukishika, pandisha taratibu. Asiyeshusha anasikia "bumu" moja na pengine besi moja haitazungumza tena usiku huo.

Siku 3 kabla

Mazoezi ya kamati. Wanacheza kwaito ya mistari, watu 16, na maharusi wana hatua zao za kufungua muziki. Tumegundua jambo mapema, bahati. Maharusi wamefanya mazoezi wiki tatu kwa video ya YouTube, ambayo ina sekunde 22 za maigizo kabla ya mdundo. Faili letu linaanza na mdundo papo hapo. Wangesimama uwanjani wakisubiri sekunde 22 ambazo hazipo. Wamezoezwa upya kwa faili letu, mara nne, na faili limeandikwa jina la HARUSI-KUFUNGUA-HILI-HILI.

Wimbo huo umekatwa uwe dakika 1 na sekunde 45. MC atawaita wasimamizi na wazazi kwenye sekunde ya 60. Watu wawili wasio wachezaji wakiachwa peke yao dakika nne, ukumbi unaanza kuwahurumia.

Siku yenyewe

1:50 – Maharusi mlangoni. Tumechelewa dakika 50. Msafara ulikwama kwenye foleni ukitoka kupiga picha. Matarumbeta wamekata kwa ishara, vigelegele, wimbo umeingia. Zulia limechukua dakika 3 na sekunde 35.

2:30 – Hesabu upya na MC. Tukienda na ratiba ilivyo, uwanja utafunguliwa saa 5:30, Coaster imeshaondoka. MC amekubali kupunguza utambulisho kwa dakika 10 na shukrani kwa 5. Uwanja saa 5:15. Bado wazee watakuwa na dakika tano.

2:35 – Uamuzi: fungu la wazee linahamia kwenye zawadi. Makundi 14 yatakuja na zawadi zao yakicheza, kila moja kama sekunde 90 zulia zima, jumla dakika 21, na zinazobaki ni za MC kuita na kutangaza. Hizo dakika 40 zilikuwa zipigwe Bongo Fleva za wastani, za kujaza tu. Sasa ndizo uwanja wa wazee.

3:40 – Chakula. Sauti imeshushwa hadi watu wawili waweze kuzungumza bila kuinamiana. Gitaa tupu.

4:25 – Zawadi. Injili mbili, kisha dansi kuanzia kwenye chemko. Kundi la Bukoba limeitwa kwa "Maria Salome": mashangazi 11 wameingia, hawakurudi kwenye viti, wamesimama pembeni mwa zulia wakicheza na kila kundi linalofuata. "Sina Makosa" kwa baba wa bibi harusi, ambaye amecheza akiwa ameshika fimbo, goti na yote. Chemko lilikuwa na kasi kidogo kwa kundi la wazee wa kanisa. Limeshushwa asilimia 3 wakiwa katikati ya zulia, hakuna aliyegundua. Kundi la bosi limeitwa la nne.

5:15 – Kufungua muziki. Sawa.

5:17 – Zouk moja, kisha "Vuli Ndlela" kwa mara ya pili, kwa ombi la mama mwenyewe. Wazee wameaga 5:20 wakiwa uwanjani, wamepanda gari wakiwa na jasho.

5:26 – "Loi", sekunde 25, sebene. Uwanja umejaa hadi miguu ya meza. Hapo tungeweza kupiga masebene manne mfululizo. Tumepiga mawili tu, kwa kuwa la tatu linachosha mapaja na mtu akikaa saa hizo anavua viatu.

5:34 – "Salome" wa 2016. Baadhi ya mashangazi hawakupanda Coaster. Wamerudi.

5:41 – Kosa. Amapiano ya kwanza imeanza mwanzo kabisa badala ya kwenye alama. Utangulizi wake ni mapigo 64 ya ngoma nyembamba, kwa kasi ya 112 ni sekunde 34, na ndani ya sekunde hizo karibu theluthi ya uwanja imekwenda kutafuta maji. Sababu: fungu hilo lilihamishwa kutoka kompyuta ya akiba, na kwenye programu yetu alama hukaa kwenye maktaba yake, hazisafiri na faili. Tumekata mapema na kuingiza "Jerusalema" kwenye kiitikio; ni wimbo ambao kila mtu anajua mguu gani unaanza. Mistari minne imejipanga yenyewe ndani ya nusu dakika. Amapiano ya pili imeanzia mahali pake.

5:51 – Kutoka 110 kwenda singeli ya 220, mbili, toleo lisilo na matusi. Meza za kazini zote ziko uwanjani, bosi ameshaondoka.

5:57 – Kushuka. Wimbo wa polepole wa dakika mbili na nusu, MC anatoa baraka juu yake, taa zinawashwa taratibu. Wengi hupenda kumalizia kwenye kilele. Ukimalizia na singeli saa 6 kamili, watu wanapiga kelele za "mmoja tu", msimamizi wa ukumbi anakata umeme kwenye swichi kuu, na spika zinapata pigo lile lile la jenereta.

Siku 3 baada

Uwanja ulikuwa na dakika 45. Zilipangwa nyimbo 17 kwa muda huo, zimepigwa 16. Kwenye zawadi zimepigwa 15 zaidi ambazo watu wengi hawakuzihesabu kama kucheza, ingawa ndizo zilizobeba usiku kwa upande wa wazazi. Tangu sasa ratiba yetu itaandika zawadi kama muda wa uwanja, yenye orodha yake kamili na alama zake.

Yaliyobadilishwa kwenye daftari: fungu la wazee liandaliwe katika nakala mbili, moja ya mwendo wa zulia na moja ya uwanja. Alama zikaguliwe kwenye kompyuta itakayopiga, wimbo kwa wimbo, baada ya uhamisho wa mwisho. Taarabu haikupigwa, shangazi aliyeiomba alikuwa ameshaondoka, na hilo MC ameombwa amweleze.

Kopo lilikuwa na vikaratasi 31. Tisa vinaomba "Maria Salome", vyote kwa mwandiko wa watu waliokuwa nje wakivuta hewa saa 4:40 ulipokuwa ukipigwa.